Mwiko na simu: The Sims 3 au The Sims 4?

Jirani yangu hapa Kibokoni hukaanga viazi karai huku simu kaibana begani, akimgombeza mtoto na kumrudishia mteja chenji. Hakuna kinachoungua. Kwa kipimo hicho, The Sims 3 ya 2009, mchezo wa kompyuta wa kuendesha maisha ya kila siku ya watu wa kubuni, inapwaya. Mhusika akishika mwiko, ni mwiko tu. Ukimtaka aongee, maongezi yasubiri foleni.

The Sims 4, ya 2014, ndiyo iliyoleta kufanya mambo kwa mpigo. Mtu anakula, anapiga soga na kutazama televisheni, na hata chooni yuko kwenye simu (hapo wametupata). Sura na mwendo wake hubadilika kwa furaha au hasira aliyonayo, jambo linalomfanya aonekane ana nafsi. Lakini hapohapo ndipo ninapokereka. Maneno yakinoga, chakula hakiishi. Mara mtu huinuka na sahani yake, akahamia kiti cha pili bila sababu. Barazani kwetu ukiinuka hivyo utaulizwa nani kakuudhi.

Halafu The Sims 3 ina mtaa mzima ulio wazi: watoka kwako mpaka mjini bila kukatizwa. Kwenye The Sims 4, hata kwenda kwa jirani lazima usubiri mchezo upakie. Kwa hiyo nikitaka sebule nafungua ya nne, nikitaka mji, ya tatu.

Mpwa wangu hunitania: "Mjomba, si uzicheze zote kwa pamoja?"

Kompyuta yangu haiwezi.