Uzoefu Wangu: Kasi ya Usimbaji wa Signal kwenye Simu ya Zamani na Mpya

Nilianza kuitumia Signal, programu ya kutumiana ujumbe uliosimbwa (uliofichwa ili mpokeaji tu aweze kuusoma), kwenye simu ya zamani ambayo kichakataji chake hakina amri maalumu za AES, algoriti ya kusimba inayotumika sana, kisha nikahamia kwenye simu mpya yenye amri hizo. Naandika tathmini hii kwa kuwa watumiaji wengi huubebesha usimbaji lawama za ucheleweshaji usiotokana nao.

Katika ujumbe wa maandishi sikuona tofauti yoyote baina ya simu hizo. Signal husimba ujumbe kwa AES ya biti 256 pamoja na HMAC-SHA256, inayothibitisha kwamba ujumbe haukubadilishwa njiani, na kwa maneno machache kazi hiyo ni ndogo hata kwa kichakataji dhaifu. Kazi nzito zaidi ni ya simu mbili kukubaliana funguo za siri kwa hesabu iitwayo Curve25519, na hapo ndipo ninapoustahi sana ustadi wa waliobuni itifaki ya Double Ratchet, utaratibu wa Signal wa kubadilisha funguo: ufunguo wa kila ujumbe huzalishwa kwa hesabu nyepesi kutokana na mnyororo wa funguo uliotangulia, ilhali ile hesabu nzito hufanyika tu pale zamu ya kuzungumza inapohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake. Kwa gharama hiyo ndogo, anayeuiba ufunguo wa leo hawezi kuufungua ujumbe wa jana.

Mambo hubadilika kwenye mafaili makubwa. Video si kipimo kizuri, maana programu huipunguza ukubwa kwanza na muda mwingi huishia huko. Kwa hiyo nilituma faili zilezile kama nyaraka, kupitia mtandao uleule. Simu ya zamani ilichelewa kidogo na kupata joto kabla faili haijaanza kupakiwa, wakati simu mpya ilianza kupakia mara moja. Kwa simu zisizo na amri za AES ningependelea ChaCha20, algoriti ya kusimba ambayo mtaalamu wa usimbaji Daniel J. Bernstein aliitoa mwaka 2008 na ambayo hukimbia vizuri bila msaada wa amri maalumu. Google iliichagua kwa kivinjari chake cha Android mwaka 2014 kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka 2023 Signal iliongeza PQXDH, njia ya kukubaliana funguo mwanzoni mwa mazungumzo, inayotumia algoriti ya Kyber ili mazungumzo yanayonaswa leo yasije yakafunguliwa na kompyuta za kwantamu za baadaye. Ufunguo wa wazi (ule anaopewa mwenzako bila kufichwa) wa toleo la Kyber-1024 una baiti 1,568, ukilinganisha na baiti 32 za Curve25519, na nilitarajia simu ya zamani ingelemewa. Haikulemewa, kwa sababu mzigo huo hubebwa wakati wa kuanzisha mazungumzo, si katika kila ujumbe, na hata ungekuwa mkubwa maradufu ningeukubali kuliko kuacha mazungumzo ya familia yangu yakisubiri kufunguliwa na mtu nisiyemjua.