Computer World ya Kraftwerk: albamu ya 1981 kwa yeyote aliyewahi kusubiri meseji

Kwa wasiowajua, Kraftwerk ni kundi la muziki la Wajerumani wa Düsseldorf, enzi hizo walikuwa wanne, Ralf Hütter, Florian Schneider, Karl Bartos na Wolfgang Flür, wanajifungia kwenye studio yao inaitwa Kling Klang wanapika biti za mashine wakati watu kibao bado wanaamini muziki bila gitaa sio muziki. Computer World ilitoka 1981, nyimbo 7, dakika kama 34 hivi imeisha. Mi nasikiliza ile waliyoisafisha upya 2009, besi inashuka vizuri hata kwenye hedfoni za bei ya kawaida, ila kwa spika ya simu usijisumbue kabisa.

Nianze na Computer Love maana ndo nimeijia hii albamu. Dakika 7 na kitu, jamaa yuko peke yake usiku, anakodolea skrini, hajui afanye nini, anatafuta mtu wa kukutana naye kupitia huo mtambo. Stori nzima ndo hiyo, basi. Halafu melodi yake jamani, fupi tu lakini inachoma, ndo maana Coldplay wakaomba ruhusa wakaitumia kwenye wimbo wao Talk mwaka 2005. Sasa kumbuka tunaongelea 1981, programu ya kuchati ya ICQ haipo (ilikuja 1996), hata IRC, mfumo wa kuchati wa zamani zaidi wa yule Mfini Jarkko Oikarinen, bado, hiyo ni 1988. Sio kwamba walikuwa waganga wa kupiga ramli, Marekani kampuni ya mtandao ya CompuServe walishafungua huduma ya kuchati 1980, na mwaka huohuo posta ya Ujerumani ilikuwa inajaribu kitu kinaitwa Bildschirmtext, maandishi unayaona kwenye TV yanapita laini ya simu, na sehemu mojawapo ya majaribio ilikuwa hapohapo Düsseldorf kwao. Yaani walikuwa wanaimba yanayotokea mtaani kwao. Ninachowapendea hawakuhubirii kwamba mashine ni mbaya wala nzuri, jamaa anasubiri tu, na we ambaye umeshaona mtu yuko onlaini, tiki mbili za bluu zimewaka halafu kimya, utaelewa bila mtu kukueleza.

Sasa Numbers. Hakuna mashairi, wanahesabu tu, Kijerumani, Kijapani, Kirusi na lugha nyingine (moja mbili tatu yetu hawakuiweka, nimewasamehe), lakini ile biti aisee! 1982 New York DJ Afrika Bambaataa na prodyuza Arthur Baker wakaichukua wakaipiga upya kwa TR-808, mashine ya kupiga ngoma, ikawa wimbo wa Planet Rock, na kule Detroit kulikuwa na mtangazaji anaitwa The Electrifying Mojo anawapiga sana Kraftwerk redioni, vijana kama Juan Atkins wanasikiliza, Atkins na kundi lake la Cybotron wakatoa Clear 1983 na techno ikaanza kupata sura. Ukimkuta mtu anajiita shabiki wa muziki wa klabu halafu Numbers hajawahi kuisikia, mkalishe chini umuwekee.

Wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu unataja Interpol, Deutsche Bank, FBI, Scotland Yard. Kwa Kiingereza wanataja tu wanapita. Ushauri wangu tafuta toleo la Kijerumani, Computerwelt, huko wanaongeza na polisi wa upelelezi wa kwao, BKA, halafu wanamalizia kabisa kwamba hawa wote wana data zetu. Toleo la Kiingereza mstari huo haumo na wimbo unapungua makali. Hata kama hujui Kijerumani neno moja, chukua hilo.

Pocket Calculator ni ya kuchekesha, kikokotoo kinapiga muziki, kwenye shoo zao walikuwa wanawapa mashabiki wa mbele kale kamashine wabonyeze. Mi huwa nauruka, utani wake unaisha haraka. Na kichekesho kikubwa zaidi, wakati wanarekodi albamu nzima ya kompyuta, kompyuta yenyewe hawakuwa nayo, ni sinthesaiza na sikwensa (mashine ya kupanga noti zijirudie zenyewe) tu.

Kasoro zipo. Sauti zimepoa makusudi, kuna watu wataona kama wanasomewa risiti. It's More Fun to Compute ya mwisho ni sentensi moja inarudiwarudiwa, mashine zinapiga vizuri lakini naona wangeiacha Home Computer iliyo kabla yake ifunge kazi. Na kama masikio yako yamezoea spidi ya singeli, utadhani nyimbo hazijaanza bado, vumilia, weka sauti juu, subiri besi.

Nawapa 4 na nusu kati ya 5, ile nusu wameila wenyewe kwenye wimbo wa mwisho. Bando lako likiwa dogo pakua Numbers na Computer Love kwanza, hizo nyingine zitafuata zenyewe.