Supu ya makongoro ya Ngamiani, Tanga: tathmini ya bakuli na ya kolajeni iliyomo

Mgahawa ninaouzungumzia uko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, na asubuhi huuza supu za aina mbili: ya makongoro ya ng'ombe na ya samaki. Nausifu kwa sababu moja kubwa: mpishi wake anaijua kolajeni, protini inayoipa ngozi, kano na mifupa uimara, kwa mikono yake kuliko wengi wanaoiuza ikiwa poda ya makopo, na karibu kila anachokifanya jikoni kinaelezeka kwa umbo la asidi amino zinazoijenga protini hiyo.

Supu ya makongoro hapa ni nzito ingawa haitiwi unga wala viazi. Baada ya vijiko vichache midomo huanza kunata, na tone likidondoka ukingoni mwa bakuli na kupoa, huwa utando mwembamba unaovutika kwa ncha ya kidole. Huo ni jelatini, yaani kolajeni iliyofumuka kwa moto.

Kabla haijafumuka, kolajeni ya ngozi na kano imejengwa kama kamba ya katani yenye nyuzi tatu: minyororo mitatu ya asidi amino, kila mmoja ukiwa na asidi amino zaidi kidogo ya 1,000, imesokotana kwa urefu wa nanomita 300 hivi. Asidi amino zote zina uti wa aina moja; kinachozitofautisha ni tawi la pembeni. Katika msokoto huu kila asidi amino ya tatu ni glisini, kwa kuwa tawi lake ni atomu moja tu ya haidrojeni, na hakuna tawi jingine linaloweza kuenea katika kiini ambako minyororo mitatu imebanana. Nafasi ya glisini ikishikwa na asidi amino yenye tawi kubwa zaidi, msokoto hulegea mahali hapo, na kwa binadamu kosa la namna hiyo ni mojawapo ya vyanzo vya ugonjwa wa kurithi unaomfanya mtoto avunjike mifupa kwa urahisi. Muundo huu wa minyororo mitatu ulipendekezwa na wanasayansi G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha huko Madras, India, katika miaka ya 1954 na 1955.

Nafasi mbili zinazobaki katika kila tatu mara nyingi hukaliwa na asidi amino ziitwazo prolini na haidroksiprolini, na hapo ndipo tofauti ya supu mbili za mgahawa huu inapoanzia. Tawi la prolini hurudi na kujifunga kwenye uti wenyewe likawa pete, hivyo mnyororo hauwezi kujikunja ovyo. Haidroksiprolini ina pete hiyo hiyo pamoja na kundi la oksijeni na haidrojeni, ambalo huikaza pete katika mkao unaoufaa msokoto. Ng'ombe ana nyingi zaidi za aina hizi mbili kuliko samaki. Kwa hiyo kolajeni yake ikiwa imeyeyushwa majini hufumuka karibu na nyuzijoto 40, wakati ile ya samaki wa bahari za baridi hufumuka karibu na nyuzijoto 15, na samaki wa bahari zetu za joto wako katikati. Ndani ya kano zenyewe, ambamo molekuli zimepangana na kufungamana, joto linalohitajika ni kubwa zaidi. Ngozi ya changu huiva upesi, na supu yake niliyoiweka kwenye jokofu iliganda kwa ulegevu, ilhali ya makongoro ilikatika kwa kisu.

Nilimwuliza mpishi kwa nini ana masufuria mawili ya makongoro. "Ya ng'ombe mzee nayaweka jikoni tangu usiku, mwanangu," alinijibu. "Ukiyachanganya, ya kijana yatayeyuka na ya mzee hayajaiva." Yuko sahihi kabisa. Kimeng'enya kinachohitaji shaba hubadilisha baadhi ya matawi marefu ya lisini, asidi amino nyingine ya kolajeni, nayo huungana na molekuli jirani. Kadiri mnyama anavyozeeka, viungo hivyo hukomaa na kuwa vigumu kuachia. Vilevile mpishi huyaloweka makongoro katika maji ya ndimu kabla ya kuyapika, na hilo lina faida zaidi ya kuondoa harufu: asidi hufuta chaji hasi za baadhi ya matawi, chaji chanya zinazobaki husukumana, maji hupenya na nyama huvimba.

Nisichokubaliana nacho ni bango la ukutani linalodai kwamba kolajeni ya supu hii huenda moja kwa moja magotini. Tumbo na utumbo huikatakata protini hiyo kuwa asidi amino na vipande vifupi, na mwili ndio unaoamua vitumike wapi. Tena kolajeni haina triptofani, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo bakuli hili halichukui nafasi ya maharage, mayai au samaki. Bango lingeitaja ndimu lingesaidia zaidi, maana mwili hauwezi kuigeuza prolini kuwa haidroksiprolini ipasavyo bila vitamini C, na anayeikosa kwa muda mrefu hupata kiseyeye, fizi zikavuja damu. Hapa ndimu huletwa mbichi, imekatwa, uikamulie mwenyewe supu ikishapoa kidogo. Huo ni utaratibu mzuri, kwa kuwa vitamini hiyo hupungua ikichemshwa.

Chumvi huzidi kidogo, hivyo ni vyema kuomba ipunguzwe mapema. Chapati ni laini, wahudumu ni wasikivu, na bei ni ya kawaida kwa Ngamiani. Anayependa supu nyepesi aagize ya samaki. Anayetaka makongoro ya sufuria la usiku awahi, kwa sababu hayo ndiyo yanayotangulia kwisha.