Faiba nyumbani: ruta ya kampuni au ununue yako?

Fundi wa faiba huja na kisanduku chake, anakipigilia ukutani, taa zikiwaka anaondoka. Wazo la kununua ruta huja baadaye, siku video inapogoma chumbani ilhali sebuleni inateleza. Kabla hujatoa hela, tazama umeachiwa nini. Wengine huwa na visanduku viwili: ONT, inayogeuza mwanga wa faiba kuwa intaneti ya waya, na ruta inayogawa Wi-Fi. Wengine wana kimoja kinachofanya yote. Njia ziko nne, nimezipanga kuanzia bora:

1. ONT yao, ruta yako. Mambo ya mwanga waachie wao. Wi-Fi iwe mikononi mwako. Ukihama kampuni, jina la mtandao na nywila vinabaki vilevile, huzunguki nyumba nzima kuunganisha TV na kamera upya. Kama kisanduku ni kimoja, omba kiwekwe modi ya briji, yaani kipitishe intaneti tu, kazi ya ruta ifanywe na yako. Uliza pia kama wanatumia PPPoE (kuingia kwa jina la mtumiaji na nywila) au VLAN (namba inayotenganisha huduma kwenye laini moja), na upewe taarifa zake, la sivyo ruta mpya itawaka vizuri na intaneti usiione.

Dukani tafuta Wi-Fi 6 (kizazi cha Wi-Fi), WPA3 (ulinzi wa Wi-Fi), na poti, yaani matundu ya waya, zote za gigabit (megabiti 1,000 kwa sekunde), ikiwemo ya WAN inayopokea intaneti. Ile AX3000 ya kwenye boksi isikutoe macho: ni jumla ya kasi za bendi zote (masafa ya redio, kama 2.4 GHz na 5 GHz), na simu yako hutumia bendi moja kwa wakati.

Waya wa mtandao nao una maneno. Niliwahi kufunga ruta mpya, kila nikipima napata 94 Mbps (megabiti kwa sekunde), hazipandi. Nikailaumu kampuni, nikailaumu ruta. Nilipokata kichwa cha waya niliourithi kwenye droo, ndani mlikuwa na nyuzi nne tu. Gigabit hutaka zote nane. Nunua waya ulioandikwa Cat5e au Cat6, basi.

2. Ruta yao, akses pointi yako, yaani kifaa cha kurusha Wi-Fi tu. Hii ni ya nyumba yenye ghorofa au kuta za zege. Vuta waya kutoka kwenye ruta hadi kule Wi-Fi isikofika, ufunge akses pointi hapo. Repita, zinazodaka Wi-Fi na kuirusha tena bila waya, sizipendi: zile za bendi moja hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu.

3. Ruta yao peke yake. Nyumba ndogo, watu wachache, inatosha. Itoe nyuma ya TV, badilisha nywila ya msimamizi (ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta), zima WPS (kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN). Kama unakatwa kodi ya ruta kila mwezi, piga hesabu ya miaka miwili. Huenda namba 1 ikawa nafuu.

4. Ruta yako nyuma ya ruta yao, zote zikivigawia vifaa anwani za mtandao. Wengi wako hapa bila kujua. Kuperuzi kunaenda sawa, ila michezo ya mtandaoni inasumbua na ukifungua poti kwenye ruta yako (si tundu la waya, ni mlango wa kwenye mipangilio wa kupokea miunganisho ya nje) hakuna kinachopita, maana NAT, yaani kutafsiri anwani za ndani kuwa ya nje, inafanyika mara mbili. Printa iliyo kwenye Wi-Fi ya kwanza haiioni kompyuta iliyo kwenye ya pili. Ukijikuta hapa usinunue chochote: ingia kwenye mipangilio ya ruta yako, chagua modi ya akses pointi, tayari uko namba 2.