Friji Ipi Ichukue Nafasi ya Ile ya Gesi Katika Gari la Kambi la Zamani

Gari la kambi la miaka ya 1980, kama vile Volkswagen T3 iliyofungwa vifaa vya kambi vya kampuni ya Westfalia, mara nyingi lina friji ya njia tatu, ambayo hutumia gesi ya mtungi, betri ya volti 12 au umeme wa nyumbani. Ndani yake hamna kompresa, yaani pampu ya kubana gesi ya kupozea. Joto huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, nayo amonia, inapogeuka mvuke tena, huvuta joto kutoka kwenye chakula. Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliubuni mtambo huo mwaka 1922, nami nauheshimu, kwa kuwa hauna kelele wala kipande kinachozunguka. Hata hivyo, gari likiegeshwa mteremkoni amonia haitiririki ipasavyo, joto la Tsavo au Magadi huuzidi nguvu, na kwenye miinuko kama ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwali wa gesi hudhoofika. Ukiiendesha kwa betri, hula ampea 8 hadi 10 bila kupumzika, kiasi kwamba betri huisha kabla ya alfajiri.

Chaguo la kwanza kwangu ni friji ya kompresa ya volti 12 yenye umbo la sanduku, inayofunguliwa kwa juu, ya lita 40 hivi. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo unapoinua mfuniko inabaki ndani, ilhali mlango wa mbele huimwaga sakafuni kila mtoto anapotaka maji. Sanduku huhitaji tu kufungwa kwa mikanda imara, na gari likiharibika unaweza kulihamishia gari jingine pamoja na nyama yake. Kasoro yake ni kwamba kilicho chini hakifikiki bila kutoa vilivyo juu, tena linahitaji nafasi ya kufungukia, jambo ambalo wengi hulisahau hadi siku ya kulifunga.

La pili ni friji ya kompresa ya kujengea kabatini, yenye mlango wa mbele. Inapendeza, nayo huacha sakafu wazi, na kwa familia inayopika ndani ya gari ningeelewa ikiwekwa ya kwanza. Pima tundu la kabati kwa upana, kimo na kina, kisha uongeze nafasi ya hewa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, kwa maana kompresa iliyobanwa pasipo hewa hufanya kazi mfululizo na kumaliza betri.

Friji mpya ya njia tatu naiweka ya tatu. Inamfaa anayekaa wiki nzima mahali pamoja, chini ya miti mizito isiyopitisha jua, kwenye ardhi iliyo sawa. Ya mwisho ni kisanduku cha bei nafuu kinachopoza kwa umeme bila kompresa wala gesi. Hushusha joto kwa nyuzi 20 hivi tu chini ya joto la nje, maana yake mchana wa nyuzi 35 maziwa yatakaa kwenye nyuzi 15 na kuharibika. Usikinunue kwa ajili ya chakula cha watoto.

Kabla ya kulipia friji yoyote, piga hesabu ya umeme. Kompresa inayotumia ampea 4 na kufanya kazi asilimia 40 ya muda itahitaji takriban ampea-saa 38 kwa siku (ampea-saa moja ni ampea moja ikitumika kwa saa moja), na Pwani ni zaidi. Betri ya AGM, aina ya betri ya risasi iliyozibwa, ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo inatosha siku moja tu. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo, kwa kuwa inaweza kushushwa zaidi, huvuka siku mbili. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri hurudisha ampea-saa 25 hadi 30, ndiyo sababu napendekeza wati 200. Waya uwe mnene, milimita 6 za mraba, utoke betrini moja kwa moja ukiwa na fyuzi yake. Waya mwembamba hupunguza volti, na friji hujizima ikidhani betri imeisha. Wengi hurudisha dukani friji nzima kwa kosa la waya.

Unapoondoa ile ya zamani, funga mtungi kwanza, ziba bomba la gesi kwa kizibo chake na ulipime kwa maji ya sabuni. Usikate wala kutoboa mabomba ya nyuma, kwani yana amonia na haidrojeni vyenye shinikizo, pamoja na kemikali ya kuzuia kutu iliyo sumu. Ukiona unga wa njano juu yake au ukisikia harufu kali inayochoma pua, fungua milango yote, toka nje na uache hewa ipite kabla ya kuendelea.