TAHADHARI: Anayewauzia "saa ya Kiswahili" ya simu hapa Dodoma, someni kabla hamjalipa

Wakuu wa Dodoma, kuna jamaa anauza saa na mandhari za simu kupitia WhatsApp, na wateja wake wanaishia kwenye meza yangu. Mimi ni fundi simu, niko pande za Sabasaba. Wamekuja wanachuo wa UDOM, kaja mama anayeuza mboga Majengo, kaja na mtumishi mmoja wa Mtumba ambaye mpaka leo hataki mkewe ajue. Habari yao ni moja.

Chambo chake kwa kweli kinavutia. Anaweka stetasi yenye picha ya simu iliyopambwa, saa kubwa katikati, aikoni zote rangi moja, na saa yenyewe inasoma Kiswahili: ikifika saa moja asubuhi inaandika 1:00, siyo 7:00. Nani asiyeitaka? Bei 5,000, "ofa ya leo" 3,000. Unalipa kwa namba ambayo jina linalotokea silo analojitambulisha nalo. Hapo ndipo pa kusimama, lakini elfu tatu ni hela ya chipsi kavu, mtu anaona potelea mbali.

Elfu tatu siyo anayoitafuta.

Ukishalipa hakupi linki ya Play Store, anakurushia faili la APK, yaani programu ya kusakinisha mwenyewe bila kupitia Play Store, humohumo WhatsApp. Kisha anakuelekeza kwa ujumbe wa sauti, mpole kama mhudumu wa duka la dawa. Zima kwanza Play Protect, ule ulinzi wa Google unaokagua programu, eti inakataa programu za Kiswahili. Ruhusu WhatsApp isakinishe programu. Ikifunguka, ipe ruhusa ya kusoma meseji, "ili salamu zitokee chini ya saa". Mwisho ingia Mipangilio, sehemu ya Ufikivu (Accessibility), uiwashe, "ili saa isigande". Kuanzia Android 13, iliyotoka 2022, simu yenyewe huweka kizuizi hapo kwa programu iliyoingia kwa njia ya faili namna hii. Jamaa analijua hilo, anakuonyesha nukta tatu za kubonyeza ili kizuizi kiondoke. Muuza saa wa kweli hana haja ya kujua njia hiyo.

Ruhusa ya Ufikivu imewekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wasioweza kubonyeza kwa urahisi. Programu uliyoipa inaweza kusoma kilichoko kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Ukijumlisha na ruhusa ya meseji, zile namba za uthibitisho za benki na za WhatsApp anaziona sawa na unavyoziona wewe. Mama wa Majengo alitolewa kwenye WhatsApp yake mwenyewe, halafu ndugu zake wa Kondoa wakaanza kuombwa hela kwa jina lake, "nimepata dharura, nitakurudishia jioni". Wawili walituma. Mwanachuo mmoja alikuta hela ya hosteli imehama usiku, na meseji ya muamala imefutwa.

Na saa? Inafanya kazi vizuri tu! Ndiyo maana watu hawashtuki mapema. Aikoni ya programu inajificha, saa inabaki inahesabu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anachouza kinapatikana bure. Pakua KWGT, programu ya kutengeneza wijeti, kutoka Play Store, weka wijeti ya saa, iambie irudishe muda nyuma saa sita, basi. Hutaki kuhangaika? Chukua wijeti ya saa za miji inayokuja na simu, uchague Tokyo. Japani wako mbele yetu saa sita kamili, hawabadilishi saa kwa majira, kwa hiyo ukiiweka kwenye mfumo wa saa 12 inasoma Kiswahili mwaka mzima. Kwetu saa moja asubuhi, Tokyo ni 1:00. Puuza tu hayo maandishi ya asubuhi na mchana yaliyo pembeni. Mandhari nazo: Samsung wana duka lao ndani ya simu, Tecno, Infinix na Xiaomi vilevile, na nyingi ni za bure.

Niseme haki, siyo kila programu ya kupamba inayoomba ruhusa ni ya wizi. Lancha, ile programu inayopanga skrini ya mwanzo na aikoni zake, inaweza kuomba kuona arifa ili ikuwekee idadi ya meseji juu ya aikoni, na baadhi huomba Ufikivu ili ukigusa mara mbili skrini ijifunge. Unaweza kukataa na lancha ikaendelea kufanya kazi. Wijeti ya hali ya hewa itaomba mahali ulipo. Lakini saa kusoma meseji zako, hapana, haina sababu hata moja.

Kama umeshaiweka, zima data na Wi-Fi sasa hivi. Azima simu ya mtu, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako na benki yako, waambie wazuie akaunti. Usibadilishe namba ya siri kwa kutumia simu hiyohiyo, maana ataiona na mpya. Kabla ya kufuta chochote, tumia simu hiyo ya kuazima kupiga picha mazungumzo yenu, namba yake na meseji ya malipo. Kisha washa simu yako kwa hali salama (safe mode), toa ruhusa ya Ufikivu, angalia na orodha ya programu zenye usimamizi wa kifaa, ndipo uifute. Mimi wateja wangu nawashauri warudishe simu hali ya kiwandani kabisa. WhatsApp ikirudi, weka uthibitishaji wa hatua mbili.

Wengine aliwaomba na namba ya NIDA, "ya leseni ya mandhari". Hao wapige *106# waone ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lao. Namba ya tapeli iripotiwe kupitia 15040, na polisi uende ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, lakini bila RB benki watakuzungusha.

Simtaji jina kwa sababu analibadilisha kila akistukiwa. Picha zake ndizo habadilishi: saa nyeupe juu ya mlima wenye ukungu, na maneno "Saa ya Kiswahili PRO" chini kwa rangi ya dhahabu. Safari hii ameingia magrupu ya wapangaji wa Nkuhungu na Kisasa. Maadmini, mkiiona hiyo picha mtoeni, na namba yake muiache grupuni watu waiblok.