Jaws (1975): Papa wa Mashine Aliyegoma Ndiye Aliyeiokoa Filamu

Anayeitazama filamu hii ili amwone papa atasubiri sana. Inakwenda dakika 124, na kwa zaidi ya saa nzima mnyama hajitokezi mwili mzima. Unapata pezi, kivuli na maji yaliyogeuka mekundu, basi.

Haikupangwa hivyo. Papa watatu wa mashine walitengenezwa, wakaenda kufanya kazi baharini karibu na Martha's Vineyard, kisiwa cha Marekani. Maji ya chumvi yakaiharibu mitambo yao, na ratiba ya siku 55 ikapita 150. Mwongozaji Steven Spielberg akabaki kutafuta vitu vya kushika nafasi ya papa. Kilichofaa kuliko vyote ni mapipa ya njano ambayo wawindaji wanamfunga papa: yakikata maji unajua aliko, yakizamishwa unajua ana nguvu kiasi gani. Naye mpigapicha Bill Butler akaishusha kamera hadi usawa wa maji, mawimbi yakilamba lenzi, mtazamaji akawa kama anayeogelea, asione kilicho chini ya miguu yake.

Muziki wa John Williams umejengwa juu ya noti mbili, lakini ujanja wenyewe ni pale unaponyamaza. Watoto wawili wanapotisha watu kwa pezi la bandia, hakuna muziki. Sikio linajifunza: bila noti zile, hakuna papa. Halafu Brody, mkuu wa polisi anayemwinda papa, anamwaga chambo nyuma ya mashua, kimya, na lile likichwa linaibuka ghafla. Kanuni imevunjwa, na mtu anaruka kitini hata kama ameshaiona mara tatu.

Kwa sababu hiyo usiitazame kwa spika ya simu. Noti zile ni za besi, na spika ndogo huzimeza. Hedifoni za kufunika masikio zinatosha, taa zima.

Udhaifu uko mwishoni, papa anapopanda mashua: taya linacheza kama raba, maana ni raba. Kisayansi pia inachechemea. Papa wa filamu, ambaye ni papa mweupe, anatajwa kuwa na takriban mita 7.6, ilhali papa weupe wakubwa kabisa huwa wa mita 6 hivi, tena hawafuati mashua kwa kisasi. Peter Benchley, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hii, baadaye aligeuka mtetezi wa papa.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu imeliwa na raba.